Mshika Bendera Mahali Pasipo Reli

Kabla sijasimulia lililotokea, nataka msomaji ajue mambo yalivyokuwa, asije akadhani nimeyapanga baadaye ili yakae sawa. Haya ni ya kweli. Sikuyaota, sikusimuliwa, wala sikuwa na homa. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, kumekwisha kucha, na mke wangu alikuwa kando yangu. Yu hai, na anaweza kuulizwa.

Kitongoji chetu kiko upande wa Kituntu, wilayani Karagwe, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Omurushaka. Zamani barabara ipitayo pale ilikuwa ya udongo mwekundu, na gari likija ulilitambua kwa vumbi lake kabla hujaliona. Kisha ikaja lami. Hakuna aliyeichukia lami, hilo niliseme mapema. Iliwafikisha wagonjwa hospitali wakiwa hai, na ikawaleta wanunuzi wa ndizi hadi milangoni mwetu. Lakini lami ilipita alikotaka mpimaji, si kulikopita miguu yetu. Iliteremka kilima kwa mstari mrefu, ikakunja kona kali kwenye mwamba, na mara tu baada ya kona ikavipasua vibanja vyetu katikati. Kwa asiye mwenyeji nieleze kwamba kibanja ni shamba la nyumbani: migomba, mibuni, maharage chini yake, na nyumba imekaa humo humo. Nyumba yetu ilibaki upande wa juu wa barabara. Mibuni, chemchemi na sehemu kubwa ya migomba vilibaki chini. Makaburi machache yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara yalihamishwa kwa sala na kwa heshima inayostahili.

Njia ya miguu, ile ya tangu enzi za babu zetu, ilikutana na lami chini kidogo tu ya kona. Dereva atokaye juu hakuweza kukuona mpaka awe amekufikia, nawe hukuweza kumwona. Wahusika wa barabara hawakukaa kimya. Walisimamisha vyuma vya kuzuia watu kando ya barabara, vikakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Wakasimika kibao cha kuonya, tukakifungia mbuzi. Wakatuomba tuvukie juu ya kona, mahali peupe panapoonekana pande zote mbili. Tukaitikia mkutanoni kwa makofi, na kesho yake kila mtu akapita pale pale alipopita jana.

Nilipokuwa mwanafunzi Tabora niliishi jirani na kivuko cha reli. Palikuwa na geti la mti lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na mtu mwenye bendera mbili. Treni ilipokaribia, geti lilishuka na bendera nyekundu ikanyoshwa. Na kila siku niliwaona watu wazima wenye akili zao wakiinama chini ya lile geti ili wawahi sokoni, na wengine wakitembea juu ya mataruma kana kwamba reli imejengwa iwe njia yao ya kwendea kisimani. Wakati ule niliwaona wakaidi. Miaka mingi baadaye, baada ya kufundisha Kilatini na historia seminarini na kustaafu, nilirudi nyumbani, nikakuta watu wangu mwenyewe wakifanya vile vile juu ya lami. Nami nikiwa mmoja wao.

Tena sisi tulikuwa na letu la ziada. Lami hupata joto upesi, na haina mchanga. Kahawa ikichumwa, badala ya kuianika uani, watu waliimwaga juu ya lami, wakaizungushia mawe makubwa na vigogo vya migomba ili magari yaikwepe. Jioni kahawa iliondolewa. Mawe yaliachwa pale, kwa kuwa kesho yangehitajika tena. Hodari wa jambo hili alikuwa jirani yetu, Ta Anatoli, mtu mkarimu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mawe yake yalikaa mkabala na njia yetu ya miguu, upande wa pili wa barabara.

Sasa nimtaje mke wangu. Watu humwita Ma Justa, naye aliolewa kwetu akitokea Kyerwa. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai ikamnyang'anya usikivu. Hasikii mvua juu ya bati wala jogoo. Mimi hunielewa kwa kusoma midomo, na kwa kuwa uvivu wa kustaafu umenikuzia ndevu, hunilalamikia kila mara, "Mwalimu, nyoa, sikusikii." Mwanamke huyu asiyesikia alivuka barabara ile kwenda kwenye mibuni yake, kwenda chemchemini, kwenda kwa shemeji yake, kutwa. Nilimsihi aache. Akaniuliza kama nimekusudia kumzika akiwa hai upande mmoja wa kibanja chake mwenyewe. Kwa hiyo tulipatana: asivuke bila mimi. Niamini nikikwambia kwamba sikuwa na hofu nyingine duniani kuliko hiyo moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali.

Ilikuwa mwishoni mwa masika, kahawa za kwanza zikianza kuiva. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya kilima, mzito kiasi kwamba kutoka mlangoni sikuiona migomba ya uani. Nilikwenda jikoni, sikumkuta. Nikatazama ukutani, kikapu chake cha kuchumia kahawa hakikuwapo. Msomaji atanisamehe nikisema kwamba nilitoka nikikimbia, na kandambili moja, huku nikiliita jina lake kwa nguvu zangu zote. Nani nilikuwa namwita? Asiyesikia.

Nilimkuta mwishoni mwa njia, amesimama wima, kikapu kichwani, mgongo wake kwangu. Mbele ya miguu yake, kukingama njia nzima, palikuwa pamelazwa tawi la omuramula. Na mbele ya tawi hilo, ukingoni kabisa mwa lami, alisimama mtu.

Nilimwona vizuri. Alikuwa mzee mrefu, aliyevaa koti zito la kaki la mtindo wa zamani, lenye vifungo vya shaba vilivyofungwa hadi shingoni, na kofia yenye ukingo mbele. Kwapani alibana vijiti viwili vilivyoviringishiwa vitambaa. Uso niliuona wa upande mmoja, kwa kuwa alikuwa akitazama kilimani.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

Taya lake lilitikisika. Sikusikia kitu. Nilidhani amenung'unika. Ndipo Ma Justa, bila kugeuka, akasema, "Amekuitikia. Amesema marahaba, mwanangu."

Fikiri hapo kidogo. Mimi ni mtu mwenye wajukuu, na mke wangu alikuwa akinitafsiria salamu! Nikamshika bega ili ageuke anione midomo.

"Usinishike," akasema. "Nasikiliza."

Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu augue. Mtu mwenye shaka ataniambia kwamba alikuwa akisoma midomo ya yule mzee. Nami niliwaza hivyo, maana ndiyo kazi niliyoizoea, kutafuta sababu iliyo karibu kabla ya ile ya mbali. Lakini wakati huo mzee alikuwa ametupa kisogo kabisa. Hakukuwa na midomo ya kusomwa. Na masikio yangu yalikuwa mazima: nilisikia umande ukidondoka kwenye majani ya migomba, nikasikia jogoo wa Ta Anatoli ng'ambo. Sauti ya yule mtu peke yake ndiyo sikuisikia.

Ma Justa akanigeukia. "Anasema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Mpaka ipite."

"Nini ipite?"

"Mimi nitajuaje? Amesema ipite. Muulize mwenyewe, waitu, si wewe ndiye mwenye masikio?"

Nilikasirika. Hofu ikikosa pa kwenda huwa hasira. Niliazimia kwenda kumkabili yule mgeni, nimwondoe mbele yetu, nimvushe mke wangu na kumaliza. Nikainua mguu kulivuka tawi, na mguu ukakataa kushuka.

Lazima nieleze omuramula ni nini, la sivyo msomaji wa mbali ataniona mwoga. Ni mti mwembamba wenye majani marefu kama ndimi, ambao kwetu hupandwa kwenye mpaka wa vibanja. Watu wakigombania mpaka, wazee husikiliza, huamua, na hupanda omuramula pale walipoamua, na ugomvi huishia hapo. Sijapata kumwona mtu aliyeung'oa akabaki na jina kitongojini. Anayethubutu kuiba ng'ombe hathubutu kuuruka omuramula uliowekwa kwa makusudi. Mimi nimesoma, na nimebatizwa, na ningeweza kuandika makala nzima kuhusu asili ya desturi hiyo. Hata hivyo mguu wangu ulibaki hewani, nikaurudisha nilikoutoa. Baadaye Ma Justa aliniambia kwamba yeye naye alikuwa na haraka, ameshika ukingo wa kanga yake tayari kuvuka, akaliona tawi. "Nani angelivuka?" akaniuliza, akishangaa kwamba nauliza.

"Firimbi," akasema ghafla. "Husikii? Inapiga ndefu, inakuja."

Sikusikia firimbi yoyote. Katika wilaya zetu zote mbili, Karagwe na Kyerwa, hakuna reli hata ya kuchezea watoto. Yule mzee akachomoa kijiti kimoja kwapani, akakifungua, na kitambaa chekundu kikajinyosha. Akaunyosha mkono wake.

Ndipo lori likaja. Lilikuwa limeshuka kilima kizima likiwa gea huru, injini kimya, taa zimezimwa, kwa ubahili ule wa mafuta tunaoufahamu. Sauti yake ya pekee ilikuwa mvumo wa matairi juu ya lami iliyolowa, na mvumo huo ulinifikia likiwa limekwisha kutokeza kwenye kona. Likakutana na mawe ya Ta Anatoli. Dereva akayakwepa kwa kuukata usukani kuja upande wetu. Tairi la mbele lilitoka kwenye lami, likapasua udongo mbele kidogo tu ya lile tawi, likarudi barabarani. Upepo wake uliupeperusha ukingo wa kanga ya Ma Justa hadi usoni pangu. Mkungu wa ndizi ulianguka kutoka juu yake, ukapasuka. Lori halikusimama. Nadhani dereva hakujua hata kidogo kwamba palikuwa na watu.

Sentensi ifuatayo nimeipima kabla ya kuiandika. Lori lilipita mahali aliposimama yule mzee, na lilipokwisha kupita alikuwa bado amesimama mahali pale pale.

Aliviringisha kile chekundu, akafungua cha kijani. Akainama, akaliokota tawi, akalishika wima kandoni mwake kama geti lililoinuliwa. Mdomo wake ukatikisika kwa muda mrefu kidogo, na mke wangu akawa anaitikia kwa kichwa, akimwita baba kwa lugha ya kwetu, "Ndiyo... ndiyo, tata... nitamwambia."

Kisha akanishika mkono. "Tayari. Tuvuke."

Tulivuka. Nakiri kwamba nilimfuata nikiwa nimeshika ukingo wa kanga yake. Tulipofika ng'ambo niligeuka. Ukungu ulikuwapo, alama ya tairi ilikuwapo, na tawi la omuramula lilikuwa limelala kandoni mwa mtaro, mkato wake ungali mbichi. Nilirudi kuukagua udongo. Palikuwa na nyayo zangu na za Ma Justa tu.

"Amekwambia nini?" nilimuuliza.

"Kuna ujumbe," akasema. "Si wako."

Mwenye ujumbe tulimpata jua lilipokwisha kuupasua ukungu. Ta Anatoli alikuja na magunia yake ya kahawa begani, akaanza kuyapanga mawe. Nilimweleza yaliyotokea, na kwa kweli alisikiliza kwa adabu mpaka nilipofikia vitambaa viwili. Hapo akacheka hadi akaketi.

"Mwalimu! Rubisi asubuhi hii? Nami nilifikiri nyinyi watu wa vitabu mnakunywa jioni tu."

"Sijaonja tone."

"Basi ni senene wa mwaka jana, wamekuharibikia tumboni. Treni Karagwe! Na tiketi ulikata wapi?" Akamgeukia mke wangu, akapaza ile sauti yake ya ng'ombe, kama afanyavyo kila mtu amwonapo. "MA JUSTA! MUMEO ANAPANDA TRENI, UNA HABARI?"

"Usipige kelele, Nato," akasema Ma Justa.

Kicheko kikakatika. Sikuwahi kulisikia jina hilo kabla ya hapo, na Ma Justa naye hakuwahi.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Aliyekuwa akikuita hivyo. Anasema uondoe mawe kwenye laini yake."

Uso wa Ta Anatoli, ambao kwa kawaida hautulii, ulitulia. Kisha aliniambia mimi, si Ma Justa, "Baba yangu. Reli aliita laini. 'Nilikuwa kwenye laini,' ndivyo alivyosema kila siku mpaka alipokufa." Nikajua kwake, kwa mara ya kwanza, kwamba baba yake aliondoka Karagwe akiwa kijana, akaajiriwa relini, akashika bendera kwenye kivuko kimoja cha mbali mpaka alipostaafu na kurudi. Alifariki mimi nikiwa bado ninafundisha mbali, na Ma Justa akiwa nami huko. Hatukupata kumwona hata siku moja. Kaburi lake lilikuwa miongoni mwa yale yaliyohamishwa, na mahali lilipokuwa mwanzo ni pale pale njia yetu inapogusa lami.

"Ana hasira nami?" Ta Anatoli akauliza. "Ni kwa sababu tulimhamisha?"

Ma Justa alimwangalia kwa upole. "Hana kinyongo. Amesema kaburi jipya ni zuri, mmempandia maua. Lakini hawezi kulala. Zamu yake haijaisha, maana hakuna aliyekuja kumpokea."

Ta Anatoli alisimama. Alichukua jiwe la kwanza, akalipeleka ng'ambo ya mtaro. Akarudi, akachukua la pili. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Siku ile kahawa yake ilianikwa uani.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Mawe ya mtu mmoja yalikuwa yameondoka, lakini kona ilikuwapo, ukungu ulikuwapo, mawe ya wengine yalikuwapo, na kesho yake mke wangu angevuka tena. Nilikaa nikijiuliza swali moja. Mimi, ambaye kibao hakikunizuia, wala chuma, wala ombi la wahusika, wala hofu yangu mwenyewe kwa ajili ya mke wangu haikunifanya nihamie kivuko cha juu: kwa nini nilizuiwa na kijiti? Na kama kilinizuia mimi, ni nani kitongojini mwetu kisingemzuia?

Nililipeleka swali hilo kwenye mkutano wa kitongoji. Kelele zilikuwa nyingi. Kijana mmoja wa bodaboda alisema omuramula ni wa mipaka ya vibanja, na barabara si kibanja cha mtu. Mama mmoja akamjibu kwamba basi na iwe kibanja cha magari, na sisi ni majirani zake, na jirani haingii kibanja cha mwenzake ila kwa mlango. Watu wakacheka, lakini nilisikia kicheko cha kukubali. Mwinjilisti wetu, mtu makini, alisimama akasema, "Mimi siwahubirii mizimu, na Mwalimu ananifahamu. Lakini lori lile halikuwa mzimu. Na huyu Ma Justa aliyeketi hapa mbele yenu si mzimu. Tupande."

Tulipanda. Mhandisi wa barabara alikuja, akatuonyesha tupande nje ya mtaro tusizibe maji, akaahidi tuta na michoro ya kivuko pale juu peupe, na aliitimiza ahadi. Tulikata vipandikizi kutoka mipaka yetu ya zamani, na kila kimoja kilishikwa na watu wawili, mmoja wa juu ya barabara na mmoja wa chini, kama wafanyavyo majirani waliopatanishwa. Tulianzia chini ya kona, tukaiziba njia ya kale mbele ya macho ya watu wote, tukaendelea kwa pande zote mbili mpaka kivuko kipya. Pale tu ndipo palipoachwa mlango. Ma Justa na Ta Anatoli walikipanda kipandikizi kilichofunga njia yetu. Nilimwona akiushindilia udongo kwa kisigino chake, kwa nguvu, mwanamke ambaye kwa muda mrefu nilishindwa kumtoa kwenye njia hiyo kwa maneno ya lugha zote nizijuazo.

Wenye kahawa walijenga vichanja uani, wakaviwekea nyavu. Na kwa asubuhi za ukungu tuliwekeana zamu: nyumba moja baada ya nyingine, mtu mzima mmoja, vitambaa viwili.

Zamu ya kwanza aliiomba Ta Anatoli.

Watu walikuja kutazama kana kwamba ni harusi. Ukungu ulikuwa wa wastani. Ta Anatoli alikuja amenyoa, amevaa koti lake la kanisani, amefunga vifungo hadi shingoni ingawa hakuna aliyemweleza afanye hivyo. Kabla ya kushika nafasi yake alitembea peke yake mpaka pale chini, ilipokuwa njia ya kale, akavua kofia. Tulimsikia wazi, maana hakuwa na sauti ndogo hata akinong'ona. "Nimekupokea, tata. Kalale."

Ma Justa, aliyekuwa kando yangu, alitabasamu. "Imepiga fupi," akaniambia. "Mara moja tu. Kama ya ruhusa." Mimi, kama ilivyo desturi yangu, sikusikia kitu.

Kisha muungurumo ukasikika kilimani. Lori, safari hii lenye taa na injini, limejaa ndizi za Kyerwa. Ta Anatoli alisogea kwenye nafasi yake, akaunyosha mkono na kile chekundu. Breki zililia, lori likapunguza mwendo, likapanda tuta polepole, likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Kuna nini, mzee? Treni inapita?"

"Naam," akasema Ta Anatoli.

"Treni gani tena huku kwenu?"

"Ma Justa."

Na Ma Justa akapita. Alikuwa na kikapu kichwani, mikono imeachiwa, shingo imenyooka, mwendo wa taratibu kupita hata ulivyohitajika, na hakugeuza jicho kulitazama lile lori, kama mama wa nyumba asivyomtazama mgeni aliyeambiwa angoje ukumbini. Watu walipiga vigelegele pande zote mbili za barabara. Hakuvisikia, lakini aliviona, na alipofika ng'ambo akageuka, akainama kidogo kama mtu aliyetunzwa. Dereva alikuwa anacheka na kupiga honi. Ta Anatoli akafungua kile cha kijani, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadharani bila aibu. Nimehudhuria mahafali mengi maishani mwangu, na katika mengine ni mimi niliyekuwa nikitoa hotuba. Sikumbuki lililonijaza fahari kiasi hicho.

Yule mzee wa koti la kaki hajaonekana tena, na mmoja wetu asimamapo zamu hatumtarajii. Masikio ya Ma Justa hayakurudi. Daktari aliyempima baadaye alisema ni kama yalivyokuwa, nasi tulimshukuru bila kumweleza zaidi. Mimi nilibakiwa na kitu kimoja ambacho sijafanikiwa kukitibu kwa elimu: nikikuta kijiti kimelala kukingama njia, hata uani kwangu, nasimama. Nasimama, natazama kushoto na kulia, na wajukuu hunicheka.

Nawe usomaye, nakuonya kwa upendo. Kama nyumba yako iko kando ya reli au kando ya barabara kuu, njia uliyoizoea isikudanganye kwamba inakufahamu. Vukia palipotengwa. Usikae juu ya njia ya magari wala ya treni, wala usianike chako hapo. Na kama unaendesha gari, na siku moja ukishuka kilima chetu katika ukungu ukamwona mtu ukingoni, amenyosha kitambaa chekundu, usipoteze muda kujiuliza ni wa namna gani. Simama.

Watu wa kitongoji kimoja cha upande wa Nyakasimbi walikuja kuomba vipandikizi, tukawakatia. Wa kitongoji kingine wakaja baada yao. Tangu tupande, hakuna mtu aliyegongwa pale kwenye kona.